Mama Aliyekagua Nyumba

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja kule milimani, mjane, ambaye kitu cha bure kilimtia wasiwasi kuliko kitu cha wizi. Tumwite Mama Ambokile, kwa jina la mwanawe. Ambokile alikuwa mtu mzima, ndevu zimemjaa, na alizaliwa na usonji. Kelele zilimuumiza kama wewe unavyoumia ukimwagikiwa maji ya moto. Maneno yake yalikuwa machache, na kila alilolisema alilimaanisha.

Mama alikuwa anazeeka. Mgongo ulimsumbua, na swali moja lilimnyima usingizi: nikifa, huyu atabaki na nani?

Basi kanisa moja likajenga nyumba ya watu wazima wenye usonji. Mwenyekiti wa kamati akamfuata mwenyewe nyumbani.

"Mama, tumekuletea jibu la maombi yako."

Mnadhani alipiga vigelegele? Alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Waliotangulia kumletea jibu walisema kijana ana mapepo, wakamkemea kwa vipaza sauti mpaka akajigonga kichwa ukutani.

"Nitakuja kuona," akasema. "Na mwanangu mwenyewe atakuja."

Wakaenda. Mama aliikagua nyumba ile kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akawasha taa, hazikuwa zile ndefu zinazovuma, na mwanga wake ulikuwa wa upole. Akanusa kuta, rangi haina harufu. Akabamiza kabati makusudi, likajifunga polepole bila kugonga. Akapiga makofi kwenye korido, sauti ikafia kwenye mapazia mazito. Hata jiko lilikuwa mbali na vyumba, ili harufu ya vitunguu isimfikie asiyeipenda.

"Nani aliwafundisha haya yote?" akauliza, jicho bado kali.

"Tulisoma, mama. Tukaita na wataalamu."

Wakati huo Ambokile alikuwa amekwisha kukaa kwenye kona ya chumba kimoja, mikono imeshuka kutoka masikioni. Mama hakukumbuka kama amewahi kuiona mikono ile imetulia ugenini. Shaka ikaanza kumlegea. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshamfika mdomoni.

Ndipo Ambokile akainuka. Akatoka hadi kwenye korido, akauvuta mlango, akasukuma komeo. Akalifungua. Akaenda mlango uliofuata, na uliofuata, yote ile ile. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mlango wa mbuzi," akasema.

Mwenyekiti akacheka kidogo. Mama hakucheka. Nyumbani kwao mlango uliokuwa na komeo kwa nje ulikuwa mmoja tu, wa banda la mbuzi.

"Hayo makomeo ni kwa usalama wao, mama. Usiku tu."

"Na wewe kwako, baba, komeo la chumba chako liko upande gani?"

Mwenyekiti akashika komeo lililokuwa karibu naye, akalisukuma, akalirudisha.

"Siku mtakapoyahamishia ndani, mniite," mama akasema. Akatangulia kutoka, mwanawe akamfuata.

Kamati ilimsema sana. Mkaidi, hana shukrani, mtu kajengewa nyumba nzuri namna ile! Hakuna aliyemwita tena. Hadi leo mgongo unamuuma, na lile swali bado analala nalo.

Naona wengi mnatikisa vichwa. Mnailaumu kamati ile? Ndugu zangu, tusikimbilie huko. Nyumba tunayowajengea watu kama Ambokile hapa nyuma ya kanisa imefika kwenye linta, juu tu ya milango na madirisha. Tumebishana kuhusu rangi, tumebishana kuhusu vigae, tumegombana hadi kununiana kuhusu jina litakaloandikwa getini. Nami nimekuwa nikiwatazama waliokaa kwenye vile viti vya mkutano. Hakuna hata mmoja atakayelala humo. Tumemuuliza nani? Au tuliogopa kwamba tukiwauliza watatujibu? Halafu wazazi wakitutazama kwa jicho la shaka, tunaumia, tunasema hawana imani. Imani na nani? Na sisi, tuliowachagulia hata upande wa kufungia mlango?

Fundi wa milango anaanza kazi Jumanne. Kwa hiyo kesho hakuna kikao ofisini. Tutakwenda majumbani kwa hao watakaolala humo, tutaketi pale watakapotuketisha, na sisi ndio tutakaokaa kimya.