Shingo ya Mwalimu Mbaruku

Soma taratibu, na kama shingo inakuuma usicheke kwa nguvu. Ukimaliza mrushie na mwenzako.

Mwalimu Mbaruku, mstaafu, aliamka siku moja shingo imekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Akitaka kumsalimia jirani, anageuka mwili mzima, utadhani kabati linahamishwa. Watu wakaanza kusema anaringa.

Kinyozi wake akajitolea: "Tulia mwalimu, nikuvute mara moja tu. Shingo italia 'ka!' basi, umepona." Mwalimu akatoka mbio na povu la sabuni kidevuni.

Akaenda kupumzika kwa dada yake, Bi Mgeni. Ajabu! Wiki moja tu, shingo ikalegea. Akarudi kwa mkewe, Bi Tumu. Kesho yake asubuhi: "Mama wee!" Imekaza tena.

Bi Mgeni akaja moto. "Kaka, ugonjwa wako unavaa kanga! Kwangu unapona, kwake unaumwa. Mwanamke huyu kakufanyia kitu. Muache kabla hajakuua!"

Bi Tumu alisikia yote. Akamuuliza mumewe kwa sauti ndogo, "Baba Zuhura, na wewe unaamini?"

Maskini, mwalimu alitaka kutikisa kichwa kukataa. Kichwa kikagoma! Bi Tumu akaona mume kakaa kimya, akaanza kufungasha nguo.

"Usifungashe!" mwalimu akapiga kelele. "Iliyogoma ni shingo, siyo mimi! Twende kwa daktari."

Wakaenda. Bi Mgeni naye akajipachika, eti awe shahidi, na ndiye aliyemweleza daktari kwamba kwake kaka hupona.

Daktari, mama mmoja mpole, akambonyezabonyeza, akamwinua mikono. "Umeanguka? Una homa? Mikono inakufa ganzi? Miguu inakosa nguvu?"

"Hapana, daktari."

"Basi tushukuru, sioni dalili ya jambo kubwa. Hii ni misuli. Kwa dada yako ulilalia nini?"

"Kanga imekunjwa."

"Na nyumbani?"

Mwalimu akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho, maana shingo haikuruhusu zaidi.

"Sema tu, mwalimu."

"Mito mitatu," akanong'ona. "Ya sufi, imeshindiliwa kama gunia la mkaa. Kaishona mke wangu kwa mkono wake, kila foronya kaitarizi 'Wangu wa Milele'. Ningemwambiaje, daktari?"

Bi Tumu akaruka. "Mwanamume wewe! Na mimi nalalia mito hiyo hiyo, shingo inaniuma tangu Ramadhani! Ulivyousifia ule wa kwanza, nikasema acha nimuongezee. Nikajikaza nisikuvunje moyo!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Bi Mgeni ghafla akaona dari la zahanati limepakwa rangi nzuri sana.

Dawa ikawa hii: mto mmoja mwembamba, kukanda kwa kitambaa cha moto, kugeuza shingo polepole, na asikubali kuvutwa na mtu. Mikono ikifa ganzi, arudi haraka.

Siku chache baadaye, alfajiri, mwalimu aligeuka kushoto bila kumwita mama yake. Bi Tumu alikuwa usingizini, mdomo wazi, anakoroma kwa raha zake. Mwalimu akabaki anamtazama hadi jua likachomoza.

Funzo: Kabla ya kumtafuta mchawi, tafuta chanzo. Na anayekupenda mwambie panapouma, huenda na yeye anaumia hapo hapo, ila anaona haya kusema.