Ndimu juu ya Marumaru

Mwanamke mmoja alikuwa na sebule ya marumaru nyeupe, aliyotandikiwa na marehemu mumewe. Jina lake Bi Hadia. Hakuna aliyeikanyaga sakafu ile na viatu. Mwanawe alioa binti wa mchonga mawe ya makaburi, Mwanakheri, akamleta kuishi humo. Siku moja bakuli la mchuzi lilimponyoka Mwanakheri, mafuta yakamwagika katikati ya sebule.

Bi Hadia hakungoja. Alikata ndimu, akasugua doa kwa nguvu zake zote, na huku akisugua alisema, na majirani waliokuwa barazani wakasikia.

"Baba yako anachonga mawe ya wafu. Wewe utajulia wapi jiwe la walio hai?"

Juu ya jiwe palitoka povu dogo, na Bi Hadia akadhani ni uchafu unaotoka. Lakini sakafu ilipokauka, doa lilikuwa palepale, na pembeni pake pameingia ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Ndipo Mwanakheri alipochukua udongo mweupe, akaukoroga na maji ya sabuni ukawa kama uji mzito, akaupaka juu ya doa. Hakusugua. Aliuacha ukauke wenyewe, na ulipokauka ulikuwa umeyanywa mafuta yote. Akaubandua, akaufagia. Kisha akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake ili arudi kwao.

Bi Hadia alipiga magoti kutazama. Doa limekwenda, ukungu umebaki. Akapitisha kiganja; pale penye ukungu palikwaruza, tena palikuwa pamebonyea kidogo. Akastaajabu. Mafuta hayakuwa yamelila jiwe hata kidogo. Basi ni nini kilicholila? Akatazama huku na huku, kisha akanusa vidole vyake; vilinuka ndimu.

Akainuka, akaenda mpaka mlango wa chumba.

"Mwanangu, pale palipobonyea panajazwa na nini?"

Mwanakheri alijibu bila kuinua macho. "Hapajazwi, Mama. Sakafu nzima husuguliwa, mpaka ishuke iwe sawa napo."

Bi Hadia alitoka barazani, akawaita ndani majirani walewale waliomsikia. Mbele yao akamwomba mkwewe radhi, akitaja neno lenyewe alilolisema. Kisha akamwaga maji sakafuni, akashika jiwe la kusugulia, akaanzia ukutani, mbali kabisa na pale palipoharibika.

Mwanakheri alisimama mlangoni na mkoba wake, akisikiliza jiwe likipita juu ya jiwe. Hatimaye akautua mkoba, akavua viatu, akapiga magoti upande wa pili wa sebule.

Nasi tunaosugua makosa ya wenzetu kwa bidii, ni lini mara ya mwisho tulipovinusa vidole vyetu?