Fahali na Mapipa ya Nakiete

Nakiete aliokota mabaki ya kabichi sokoni, akayavundika kwa molasi ndani ya mapipa yawe chakula cha mifugo. Jirani yake, tajiri Shemweta, akaja ameziba pua.

"Yaondoe leo! Uozo huu hata mnyama hawezi kula."

"Na fahali wako akila, mzee?"

"Yule? Amenona kwa majani ya kununua. Akionja tu, mapipa yabaki, na mimi nitanunua kwako!"

Majirani wote walisikia. Nakiete akagonga kifuniko cha pipa, akakifungua. Ng'ambo ya ua fahali akanguruma, akaja mbio, akapenyeza kichwa kwenye tundu la ua moja kwa moja hadi pipani, akala.

"Tundu hilo amelijuaje?" Shemweta akaduwaa.

"Kalitoboa mwenyewe tangu masika, mzee. Huo unono ulidhani unatoka wapi?"