Pengo Kwenye Zizi la Bi Mbeyu

"Nina kisa, nikitue?"

"Kitue, tukibebe!"

Hapo zamani za kale, tumbusi walipokuwa wakisema na watu, Jumatano moja saa kumi na mbili asubuhi, Bi Mbeyu alikuta zizi lake la miiba lina pengo, na mbuzi mmoja ameliwa na fisi. Maziwa ya mbuzi hao ndiyo yaliyomlea mjukuu wake Kadzo, mtoto mchanga asiye na mama.

Tumbusi akatua penye mzoga. "Mama, ziba pengo."

"Wewe kipara, tangu lini ukafuga mbuzi?"

Siku ya pili fisi akarudi, akala. Tumbusi akasema, "Mama, ziba pengo."

"Niache! Miiba inachoma. Tena mkosa ni fisi, si mimi."

Siku ya tatu fisi akarudi, akala. Tumbusi akasema, "Mama, ziba pengo."

Safari hii Bi Mbeyu aliingia ndani. Alichukua sumu ya mishale, akaipaka kwenye mabaki ya mzoga, akayatupa nje.

Fisi akaja, akanusa. "Lo! Tangu lini mimi nikaandaliwa? Huu mkono wa mtu. Sili." Akaenda zake.

Tumbusi wakashuka, ukoo mzima, wakala. Wakaanguka mmoja mmoja. Yule aliyekuwa akimwonya Bi Mbeyu akainua shingo: "Mama, nani atakusafishia nchi?" Akafa.

"Ndege tu hao," Bi Mbeyu akajiambia. Lakini usingizi haukuja.

Punde nyati akafia penye chemchemi. Fisi akamega paja, akashiba, akaondoka. Tumbusi wa kummaliza hawakuwapo tena. Nyati akavimba, akapasuka, akatiririka majini. Mbuzi wakanywa, wakafa wote.

Kadzo akalilia maziwa. Akalia. Akanyamaza. Wakamzika jioni.

Basi wenzangu, sumu haina macho; ukiitega, huichagulii mlaji. Na yule unayemcheka kwa upara na uvundo wake, huenda ndiye anayekusafishia maji unayokunywa.

"Na Bi Mbeyu je?"

Bi Mbeyu, asubuhi yake, alichukua panga, akakata miiba, akaziba pengo. Akalisukuma kwa mkono, likawa imara. Ndani hamkuwa na mbuzi hata mmoja.

"Kisa nimekitua."

"Tumekibeba, na ni kizito!"