Moto wa Kwanza Kileleni

Waliokuwapo barazani siku ya shauri ni hawa: Mangi Kirenga, aliyetawala nchi, Orio wa Masamu, mrina asali, Nsia, mjane wa Lekule, mfinyanzi, na Tenga wa Shao, mwindaji. Waliobaki walikuwa wasikilizaji, kama ninyi.

Hapo zamani, mlima wetu ulipokuwa na jina na kilele chake hakina, mahali paliitwa kwa jina la mwenye moto wa kwanza. Ndivyo vihamba vyote, mashamba yetu ya migomba, vilivyopata majina. Na mtu alirithiwa jina na mjukuu wake. Orio hakuwa na mtoto, wala mjukuu. Alitaka kile kilele kiitwe kwa jina lake.

Mangi akawatuma Orio, Nsia na Tenga wakawashe moto juu.

Walipofika kwenye magenge, njia ikapotea. Orio akaiona, kwa kuwa tangu ujana alikuwa akining'inia hapo akitafuta asali. Akatangulia, akawavuta wenzake kwa kamba yake. Alipomvuta wa mwisho, jiwe likamponda Orio mguu.

Walipofika kwenye baridi, kuni zikalowa. Nsia alikuwa na kaa la moto chunguni, amelifukia kwa majivu. Wenzake wakalala, yeye akalipulizia mpaka midomo ikapasuka.

Walipofika chini ya kilele, Orio hakuweza tena kusimama. Nsia akabaki kumkanda, akampa Tenga chungu. Tenga akapanda peke yake, akawasha. Bonde zima likaona moshi.

Wakamshusha Orio kwa machela. Barazani Tenga akaanza:

"Mangi, aliyewasha ni mimi. Kule juu sikumwona mwingine."

"Uliwasha kwa kitu gani, mwanangu, kwa kucha?" akauliza Nsia. Watu wakacheka. "Kaa langu, chungu changu. Wewe ulikuwa miguu tu."

"Nawe, mke wa Lekule," akasema Orio, akiwa amelala kwenye machela, "bila kamba yangu ungekuwa chini ya genge mpaka leo, unachemshia ndizi hilo kaa lako."

Hata Nsia akacheka.

"Tenga atazaa," Orio akaendelea. "Wajukuu wa Nsia wamejaa uani. Mimi nikiondoka, nani ataitwa Orio?"

"Babu, nakuheshimu," Tenga akajibu. "Lakini desturi haiulizi nani ana shida. Inauliza moto ni wa nani."

"Basi ni wangu," akasema Nsia.

"Uliuacha mkononi mwangu, mama."

"Nilikuwa nimeshika mguu wa mtu."

Mangi Kirenga akawatazama wote watatu. Akasema atalitamka jina siku ya soko, watu wote wakiwapo.

Orio wa Masamu alifariki asubuhi ya siku ya soko, Mangi akiwa bado hajatoka nyumbani.

Je, ninyi mngekiita kilele kwa jina la nani?