Safari Tatu kwa Mkupuo Mmoja

Hapo zamani, katika mji wa Tongwani, alitawala Sultani Mwinyimvua, naye alikuwa mnene hata akawa hatoki kwake ila kwa machela. Machela hiyo ilibebwa na watu wanane. Mmoja wao aliitwa Sheweji, fukara asiye na kitu ila shuka moja na ulimi mwepesi, na mwenziwe wa mbele alikuwa mkwewe, Mzee Bungara.

Basi Sultani akaazimu kupunguza mwili. Akaacha kufungua kinywa asubuhi, akaacha na chakula cha mchana, akawa anashinda kichwa kinamgonga na kila apitaye anafokewa. Ikifika laasiri huketi akala vyote kwa mkupuo mmoja, mikate ya asubuhi, wali wa mchana na mbuzi wa jioni, kisha akasinzia papo hapo. Watu wa barazani wakawa wanamwambia, "Maulana, umekonda," naye akiamini. Sheweji hakuamini, maana bega lake lilikuwa likielemewa zaidi kila wiki.

Siku moja Sultani akawaita wachukuzi, akasema, "Kwa kuwa nimekonda, tangu leo mtanibeba sita. Nanyi mtakula mara moja kwa siku, jioni, kama mimi. Atakayeniyumbisha atachapwa bakora arubaini."

Siku ya tatu Mzee Bungara akaona kiza mchana kweupe, akayumba, machela ikainama. Sultani akasema, "Leo namsamehe. Akirudia, ni bakora." Sheweji akaingiwa na hofu hasa, kwani alijua mkwewe hatazimaliza arubaini akiwa hai. Akapiga magoti.

"Maulana, chakula cha asubuhi kisipoliwa, huenda wapi?"

"Hungoja jioni," akajibu Sultani. "Nikila vyote pamoja, mwili hauna habari."

"Na miguu yetu, Maulana, nayo si mwili?"

"Ni mwili."

"Basi turuhusu tuifanyie vivyo hivyo. Safari zako za kesho, ya shambani asubuhi, ya sokoni mchana na ya kwa dada yako jioni, tuzikusanye tuziende zote jioni."

Sultani akafurahi kuona anaigwa, akatoa ruhusa mbele ya baraza.

Kesho yake wachukuzi wakalala kivulini kutwa. Laasiri, Sultani alipomaliza mbuzi, hata mikono hajanawa, Sheweji akamwambia machela i tayari. Mmoja wa wale wawili walioachishwa akashika nafasi ya Mzee Bungara, wakamwinua Sultani, wakatoka mbio. Mbio hadi shambani, wakageuza bila kutua, mbio hadi sokoni. Wali na mbuzi vikapigana tumboni mwa Sultani.

"Polepole, Sheweji," akaguta.

"Maulana, ndiyo kwanza tumemaliza ya asubuhi na ya mchana. Ya jioni bado."

Walipomtua mlangoni kwa dada yake, Bi Mwanatenga, Sultani akaanguka magoti akatapika mbele ya watu. Alipopata pumzi akasema, "Wendawazimu nyinyi. Nani awezaye kufanya kazi ya kutwa kwa mkupuo mmoja?"

Sheweji akajibu akihema, "Ndivyo linavyouliza tumbo lako kila jioni, Maulana."

Bi Mwanatenga, aliyekuwa hamwogopi nduguye, akasema, "Na nani kakwambia umekonda? Mwezi jana mlango huu ulikuwa unakutosha."

Sultani akautazama mlango, akalitazama tumbo, akaona haya, kisha akaanza kucheka hata machozi yakamtoka. Akaamuru wachukuzi wale uji kila asubuhi kabla ya kazi, naye akala nao, bakuli moja tu, na mchana akala, na jioni akala kidogo. Mzee Bungara akapewa mapumziko na posho yake, na Sheweji akapewa shamba.

Ama wale wa barazani waliomwona amekonda, waliamriwa waibebe machela mwezi mzima, Sultani akiwa ndani, na siku ya kwanza tu, kabla ya kufika sokoni, waliungama wote kwamba bado hajakonda.