Benchi la Profesa Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na chuo chao kando ya mto, Profesa Kiboko alifundisha hesabu za seti, mipangilio na uwezekano. Afundishe nini! Aliwapa mgongo wanafunzi, akabwabwaja maneno ubaoni, kisha akafoka, "Ni wazi! Anayeuliza ni mjinga!"

Aliyefeli mara tatu alipelekwa kuzoa tope la dimbwi la Kiboko mpaka azeeke. Kenge alikuwa huko. Nungunungu naye alikuwa huko. Na Kindi alikuwa amefeli mara mbili.

Asubuhi ya mtihani wa tatu, Kindi aliketi karibu na Nyumbu. Wanafunzi wanane walijibana kwenye benchi moja uwanjani.

"Dada Kindi," Nyumbu alinong'ona, "mimi leo ndiyo basi."

"Nyamaza, kaka. Fanya nitakachofanya."

Kindi akasimama. "Shikamoo, Mwalimu. Huko nje wanasema tunaangaliziana. Turuhusu kwanza tubadilishane nafasi benchini kwa kila mpangilio unaowezekana, usirudiwe hata mmoja, asiseme mtu tumejichagulia majirani, ndipo mtihani uanze. Utatusimamia?"

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Wanane tu? Hata jua halijapanda mtakuwa mmemaliza! Nikiondoka kabla ya mpangilio wa mwisho, wote mmefaulu!" Akapiga mguu chini, du! du! du! Na chuoni pale, neno lililopigiwa mguu mara tatu halikurudi nyuma.

Wakaanza. Kaa! Simama! Hama! Nyumbu kwanza, Kindi wa pili. Kindi kwanza, Nyumbu wa pili. Mara kumi. Mara hamsini. Mara mia.

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukauka, ikapasuka, ta! ta! Mto ulikuwa hatua ishirini tu.

"Bado mingapi?" akauliza.

"Kwani Mwalimu hajui?" Kindi akajibu. "Si somo lako?"

Wanafunzi wote wakamtazama. Masikini, hakujua! Miaka yote hiyo alikuwa akinakili daftari la babu yake.

Kiboko akapanua kinywa, akamjia Kindi puu! puu! puu! "Nitakutafuna!"

Kindi aliogopa, jamani, aliogopa mpaka mkia ukasimama. Lakini hakukimbia.

"Nitafune, Mwalimu. Watabaki saba, na mipangilio ya saba ni elfu tano na arobaini. Bado utakauka."

Kinywa kikabaki wazi. "Umejuaje?"

"Nilipanga njugu kwenye kiota changu mpaka nikaelewa. Nafasi ya kwanza aweza kukaa yeyote kati ya wanane. Akishakaa, ya pili wamebaki saba, ya tatu sita. Zidisha hivyo mpaka mmoja. Kwa sisi wanane ni elfu arobaini, mia tatu na ishirini. Tumefanya mia na tatu."

"Kumbe ndivyo!" Nyumbu akapiga ukelele. "Mbona ni rahisi?"

Kiboko akatazama benchi, akatazama mto. Ta! ngozi ikapasuka tena. Akageuka mbio, akajitosa majini, chubwi!

Wote wanane wakafaulu. Jioni ile, Kiboko akiwa hathubutu kuonyesha uso, Kenge na Nungunungu wakatoka topeni, nao wakaketi benchini, Kindi akiwapangia njugu.

Hadithi imekwisha, nanyi mkumbuke hili: mwalimu anayekataza maswali huwa anaficha kwamba majibu hana.